Tela Lililotikisa Mkia

Jina la Kiguu alipewa na wifi yake, wiki ile ile alipoolewa. Wenzake wakikaa kunywa chai, yeye anakunywa amesimama. Akikalishwa kwa nguvu, goti linatikisika mpaka vikombe vinalia kwenye sinia. "Huyu ni kiguu na njia," wifi akasema, "hata akifa tutamzika anatembea." Jina likamganda. Hata alipojifungua mtoto mnene wa mashavu, wakamwita mtoto Bonge, aliyemwita yeye mama Bonge alikuwa mumewe tu, tena akiwa na jambo analolitaka.

Ila siku hizi kutotulia kwake kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliegeshwa uani, karibu na kamba ya nguo. Ilikuwa tela.

Nyumba ile iliishi kwa kukodisha maturubai na viti vya sherehe. Baba mkwe ndiye aliyeianzisha kazi, enzi za lori lake kuukuu. Lori lilipochoka likauzwa chuma chakavu, ikanunuliwa pikapu, na nyuma yake likafungwa tela la magurudumu mawili. Miguu ya baba mkwe ilikuwa imeshagoma, kwa hiyo dereva akawa mume wa Kiguu, ambaye vibarua walimwita Fundo kwa vile kamba akiifunga yeye hakuna wa kuifungua. Kisha siku moja Fundo akateleza ngazini akiwamba turubai, mkono ukaingia kwenye plasta. Nyumba nzima mwenye leseni aliyebaki ni Kiguu, aliyeipata kabla ya kuolewa, akiendesha gari la mikate la mjomba wake.

"Mikate haina tofauti na viti," baba mkwe alisema siku anamkabidhi ufunguo. "Vyote havilalamiki njiani."

Bonge, yeye, alikuwa analalamika. Alikuwa bado ananyonya, na chupa hakutaka hata kuiona. Ukimwekea mdomoni anakutazama kama umemtukania wazazi. Kwa hiyo mama akienda kazini, Bonge naye yumo, amefungwa kifuani kwa wifi, upande wa abiria. Fundo hutangulia amepakiwa kwenye pikipiki ya rafiki yake, vibarua wakipanda nyingine, ili wakifika mashimo ya nguzo yachimbwe. Ndani ya pikapu wanabaki wanawake wawili na mtoto mmoja, na nyuma yao tela limejaa.

Mara ya kwanza lilipomcheza ilikuwa kwenye mteremko wa tanuri la matofali, ule unaoishia darajani. Gari lilikuwa linashuka vizuri, wala hakukimbia. Mara akahisi makalio yake yanasukumwa upande, kama mtu anayepitishiwa kiti bila hodi. Akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Tela limejitokeza kushoto. Akatazama kioo cha pili, tela liko kulia. Kushoto, kulia, na kila likirudi linarudi kwa nguvu zaidi, na usukani mikononi mwake ukawa mwepesi kama si wa gari.

"Wifi!" wifi akapiga kelele, amemkumbatia Bonge kwa mikono yote. "Leo unatuchezesha?"

Kitu kimoja tu alichokumbuka Kiguu ni maneno ya mjomba wake, kwamba gari likikuyumbia usipigane nalo. Hakushika breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani ukiwa umenyooka, akaacha mwendo ufe wenyewe. Tela likatikisa mkia mara kadhaa, likachoka, likatulia. Darajani walipita polepole mno, na mwenye baiskeli akawapita akiwacheka.

"Upepo huo," wifi akasema baadaye.

"Ulihisi upepo wewe?"

Wifi akatazama nje. Majani ya pembeni mwa barabara yalikuwa yamesimama kimya.

Jioni alimweleza baba mkwe, akiwa amesimama mlangoni huku anambeba Bonge mara bega hili mara bega lile. Mzee alikuwa anasikiliza redio, akaipunguza kidogo tu.

"Tela ni chuma, mwanangu. Halina akili ya kucheza."

"Limecheza, baba. Wifi yupo, muulize."

"Basi likicheza tena, kanyaga mafuta. Kamba ikivutwa inanyooka."

"Kwenye mteremko, baba? Na mtoto ndani?"

"Lori langu nililivuta hivyo miaka yote."

Kiguu alitaka kusema kwamba lori halikuwa na kitu cha kuvuta, mzigo ulikuwa mgongoni mwake lenyewe. Lakini mkwe ni mkwe. Akaubeba mdomo wake akaenda nao jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Likacheza tena kwenye kazi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Si kila mahali. Kwenye mteremko na pale gari kubwa linapowapita kwa kasi. Kiguu akaanza kuota ndoto za kioo cha pembeni. Mchana akikatiza uani analizunguka tela, anapiga gurudumu teke, anavuta mnyororo wa usalama, anainama kuangalia chini, anasimama, anainama tena.

"Unalitafutia mchumba?" Fundo akamuuliza, mkono wake wa plasta umelala kwenye mto kama mtoto wa pili.

"Baba Bonge, hili dude litatuua."

Alipoona mkewe hacheki, Fundo naye akaacha kucheka. Wakalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akaliinua kwa jeki, akazungusha magurudumu, akasikiliza beringi kama daktari, akapima upepo, akagonga ekseli kwa nyundo, akajaribu pini na kile kichwa cha chuma kinachoshikana na pikapu. Taa za breki zikawaka. Indiketa zikapepesa.

"Tela zima," akasema, anajifuta mikono. "Kama linacheza, basi tumwangalie dereva." Akamkonyeza Fundo. Fundo hakukonyeza.

Safari yote ya kurudi, tela tupu nyuma yao, likafuata kama mbuzi aliyeahidiwa chumvi. Hilo lilimzidishia Kiguu wasiwasi badala ya kumpunguzia. Ugonjwa unaojificha ukifika kwa daktari ndio unaotisha.

Siku ile ile simu ikaingia. Sherehe kubwa, maturubai yote yanatakiwa, upande wa pili wa mlima, ambako barabara inateremka ikijikunja, upande mmoja una ukuta wa mawe na upande wa pili hauna kitu. Baba mkwe akafurahi mpaka akaomba chai ya pili. Kisha akamwona Kiguu amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Kama unaogopa, mwanangu, sema. Dereva tutatafuta. Si aibu."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Usukani aliupenda. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini ndani ya pikapu ndipo mahali pekee ambapo mwili wake ulikuwa unatulia, kwa sababu barabara ilikuwa inatembea kwa niaba yake. Akimwachia mtu kazi, atabaki na sufuria zake safi. Asipomwachia, Bonge atateremka mlima ule akiwa mbele ya tela lenye wazimu.

"Siogopi," akasema, kumbe anaogopa.

Kabla ya sherehe ya mlimani kulikuwa na kazi moja ndogo, ng'ambo ya daraja. Tela likapakiwa kama kawaida. Na kawaida ya nyumba ile ilikuwa sheria ya baba mkwe, ambayo kila kibarua aliifahamu kuliko jina la mama yake: cha kwanza kushuka, cha mwisho kupanda. Kwenye sherehe cha kwanza kusimama ni turubai. Kwa hiyo viti vya plastiki vinatangulia mbele ya tela, meza zinafuata, na mwisho kabisa, mkiani, yanalundikwa maturubai mazito, nguzo za chuma na vigingi. Ukifika unafungua mkia, kazi inaanza bila kupoteza muda. Enzi za lori sheria hiyo ilimjengea mzee jina: hakuna aliyesimamisha turubai haraka kama yeye.

Tela likijaa hivyo, shingo yake ya mbele, ile inayonasa kwenye pikapu, ilikuwa inainuka hewani yenyewe. Hilo nalo walishalizoea. Kulikuwa na kibarua mnene kuliko wote, wanamwita Pipa. Kazi yake asubuhi ilikuwa moja.

"Pipa, kakae!"

Pipa anakwenda, anakalia shingo ya tela kama anapanda punda, shingo inashuka, wenzake wanaifunga. Kisha wanapiga makofi. Siku Pipa akiwa mgonjwa, wanakaa wawili.

Kwenye mteremko wa tanuri tela likacheza, likatulia, wakafika.

Sherehe ikaisha na jua likiwa bado lipo. Wageni wakaondoka, isipokuwa shangazi za bibi harusi. Walikuwa wamevua viatu, wameweka miguu juu ya viti vingine, wanapitia ukoo mzima mtu kwa mtu. Kwa kawaida viti ndivyo hukusanywa kwanza. Pipa akaenda kuomba kiti.

"Kijana," shangazi mmoja akamwambia, "huyu tunayemsema ana watoto saba na bado hatujafika wa pili. Nenda ukale."

Fundo akakuna kichwa kwa mkono mzima. "Basi tuanze na maturubai. Hawa watanyanyuka wakiona nyota."

Wakashusha maturubai juu ya vichwa vya shangazi, na shangazi hawakukatisha hata sentensi. Maturubai na nguzo vikaingia telani kwanza, vikasukumwa mbele. Viti vikaja mwisho, kimoja kimoja, kadiri ukoo ulivyokuwa unaisha. Wakati wa kufunga tela, mtu akaita, "Pipa, kakae!" Pipa akaenda, akakuta shingo ya tela imekwisha kaa chini yenyewe. Akasimama hapo kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Wakirudi, kwenye mteremko wa ng'ambo unaoshukia daraja lile lile, mkali kama wa tanuri, Kiguu aliondoa mguu kwenye mafuta mapema, akajiandaa. Hakuna kitu. Akatazama kioo. Tela lipo katikati, limenyooka. Lori la mchanga likawapita kwa kasi, upepo wake ukaipiga pikapu. Tela likatikisika kidogo, likarudi mahali pake. Kiguu akawasha indiketa, akaegesha pembeni, akaweka breki ya mkono, akashuka.

"Nini tena?" wifi akauliza.

"Naangalia kama lipo."

"Si umeliona kwenye kioo?"

"Kioo kinaweza kusema uongo."

Tela lilikuwepo. Akalizunguka, mkono wake unateleza kwenye ubao. Akainama akaangalia shingo: imelala, imeilalia pikapu kidogo, na mkia wa pikapu nao umeshuka kidogo tu. Asubuhi ulikuwa umepandishwa juu, kana kwamba kuna mtu anaiinua pikapu kwa nyuma. Akasimama hapo barabarani, magari yanampita, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akiwa nje ya pikapu, hakuna kilichotikisika mwilini mwake. Alikuwa anamfikiria Pipa. Siku zote walikuwa wanamkalisha Pipa juu ya ugonjwa, wanapiga makofi.

Asubuhi ya safari ya mlimani baba mkwe alitolewa nje na kiti chake, asimamie mwenyewe. Tela lilikuwa limekwisha kujaa, maturubai yote mkiani yamesimama kama kabati. Pipa alikuwa anajinyoosha, tayari kukaa.

"Baba," Kiguu akasema. Alimshika Bonge kwa mikono yote miwili. "Naomba tupange upya. Maturubai yaende mbele."

Vibarua wakaguna kwa pamoja.

"Yaende mbele," baba mkwe akarudia, kama anayeonja kitu. "Halafu ukifika utashusha viti vyote ndipo uyapate? Wenye sherehe wamekaa juani? Kazi hii ina utaratibu wake, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Baba," wifi akadakia kutoka mlangoni, "huyu kaka hapa alisikia, akavunjika mkono."

Mtu akacheka, akajikohoza.

"Uzito wote uko mkiani, baba," Kiguu akasema. "Mkia unainua shingo, shingo inainua gari. Magurudumu ya nyuma hayashiki barabara vizuri. Ndiyo maana linacheza. Juzi mliona wenyewe, Pipa hakukaa, na halikucheza."

"Juzi ulikuwa unarudi. Kurudi ni kurudi."

"Hata kurudi kuna mteremko, baba, mkali kama wa tanuri. Na lori lilitupita."

"Mimi nimepakia hivi kabla hujajua kutembea."

"Kwenye lori, baba."

Hakuna aliyekuwa amemjibu mzee hivyo. Kiguu mwenyewe alisikia maneno yakiwa yameshatoka, kama kuku aliyepita mlangoni. Lakini mbele ya macho yake ulikuwapo ule upande wa barabara usio na kitu.

"Siwezi kumwingiza mtoto humo," akasema, sauti imeshuka. "Kama linakwenda hivyo hivyo, tafuteni dereva, mimi sitakasirika. Ila na yeye atakayeliendesha ni mtoto wa mtu."

Baba mkwe alishika kiti chake, akakigeuza taratibu, kwa tabu ya miguu yake, mpaka akawa anatazama ukuta.

Fundo ndiye aliyesogea. Alikwenda mkiani mwa tela, akashika nguzo ya chuma kwa mkono mmoja, akaanza kuivuta. Nguzo ikakwaruza. Akavuta tena. Pipa akatazama mgongo wa mzee, akamtazama Fundo, akatema mate pembeni, akaenda kushika ncha ya pili.

Walishusha kila kitu. Mara ya kwanza Kiguu, kwa hofu, alisukumiza uzito wote mbele kabisa, na mkia wa pikapu ukakaa chini kama kuku anayetaga, taa za mbele zikatazama angani. Akajua hilo nalo si zuri. Usukani utakosa kushika. Wakarudisha nyuma kidogo, nguzo zikalala juu ya magurudumu na zaidi ya hapo mbele kidogo, viti vikajaza mkiani. Fundo akafunga kamba kwa mkono mmoja na meno. Minyororo ikapishanishwa chini ya shingo. Wifi akasimama nyuma kukagua taa, akipiga kelele, "Breki! Kushoto! Kulia! Hiyo ni kushoto gani, wifi?"

Vibarua walikuwa wameloa jasho kabla ya kazi kuanza, na waliyoyasema juu ya wanawake na usukani si ya kuandikwa.

Mlimani Kiguu alishuka kwa gia ndogo, injini inanguruma, nyuma yake msururu wa magari unapiga honi. Hakuwasikia. Kioo cha kushoto, barabara, kioo cha kulia. Kwenye kila kona aliacha nafasi pana, maana tela hukata kona mahali ambapo gari halikukata. Basi kubwa likapanda kutoka chini, likawapita karibu na ukuta wa mawe, upepo wake ukampiga. Wifi akafumba macho, midomo inatembea. Tela likasogea kidogo, likarudi. Likatulia.

Walipofika uwanda wa chini, wifi akafumbua jicho moja. "Tumekufa?"

"Bado."

Bonge alikuwa amelala tangu kona ya pili, anatoa povu la maziwa mdomoni.

Kwenye sherehe mambo yakawa kama mzee alivyosema. Wenyeji walikuwa wamesimama juani, na kabla ya turubai la kwanza kuonekana, uwanja mzima ulijaa viti visivyo na kivuli. Mwenye sherehe akauliza kama siku hizi watu wanakodisha jua. Pipa akamjibu, "Mwulize dereva." Kiguu alikaa ndani ya pikapu ananyonyesha, dirisha limefunguliwa, anasikia yote.

Simu ya Fundo ikalia. Alikuwa anafunga kamba, akamwekea mkewe simu dirishani, sauti ya juu.

"Limefika?" ilikuwa sauti ya baba mkwe.

"Limefika, baba," Kiguu akasema.

Redio ilisikika nyuma yake.

"Lilicheza?"

"Hapana, baba."

"Na mtoto?"

"Ananyonya."

Mzee akavuta pumzi puani. "Maturubai yamesimama?"

Kiguu akatazama nje. Turubai moja lilikuwa limesimama nusu, la pili bado liko telani chini ya viti. "Tunachelewa, baba. Ulisema kweli. Watu wako juani."

"Nilijua," akasema, na sauti ikapata nguvu. "Sasa nisikilize. Kesho lipelekeni kwa yule fundi wa kuchomelea. Akate ubavu wa tela, hapo mbele, aweke mlango. Mzigo mzito ukae mbele, na utokee ubavuni. Cha kwanza kushuka bado kitakuwa cha kwanza kushuka. Sijui kwa nini hamkulifikiria hilo. Mnakimbilia kubishana tu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye ulipeleke. Huyo Fundo atakubali kila anachoambiwa na fundi."

Simu ikakatika. Kiguu akabaki ameishika, akiwaza. Ubavu ukikatwa, bodi litashika? Bawaba zitawekwa upande gani, mlango usije ukafunguka njiani? Na ukifunguka upande wa barabara, si utampiga mwenye baiskeli? Goti lake likaanza kutikisika. Bonge akaachia ziwa, akamtazama mama yake kwa hasira, akarudi kunyonya.

"Wifi," Kiguu akaita nje, "hivi yule fundi huwa anafungua saa ngapi?"